VINYWELEO VYA MIZIZI: VINYWA VYA MMEA

Ndugu mkulima, ukipandikiza miche ya vitunguu huko Mang'ola, mara nyingi huiona imelegea siku ile ile. Udongo una maji, lakini mche umenyauka. Kwa nini? Jibu limo katika mizizi.

Mmea umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Nyumba hujengwa kwa matofali, mmea hujengwa kwa seli. Lakini matofali hufanana yote. Seli hazifanani. Kila moja hupata umbo linalofaa kazi yake. Seli za ngozi ya jani hutoa utando kama nta, ili maji yasipotee. Seli za ngozi ya mzizi mchanga kazi yake ni kunywa.

Karibu na ncha ya mzizi, baadhi ya seli hizo hutokeza upande mmoja. Hurefuka kama kidole na kupenya katikati ya punje za udongo. Hicho ndicho kinyweleo. Kinyweleo kimoja ni seli moja tu. Huishi siku au wiki chache, kisha hufa. Mzizi ukikua, vingine huota karibu na ncha.

Vinyweleo ni vidogo, lakini ni vingi. Mwaka 1937 mtaalamu wa Marekani, H. J. Dittmer, alichunguza mmea mmoja wa rai, nafaka ya jamii ya ngano. Ulikuwa na umri wa miezi minne. Alikadiria vinyweleo bilioni 14 hivi. Vikiungwa pamoja, urefu wake unapita kilometa 10,000!

Mimea haifanani. Kitunguu kina vinyweleo vichache na vifupi, na mizizi yake haiendi mbali chini. Ndiyo maana hutaka maji mara kwa mara. Mbaazi na maharage vinyweleo vyake vina kazi nyingine pia. Hujikunja na kuwapokea bakteria wenye manufaa. Bakteria hao hukaa ndani ya vinundu vya mizizi na kuupa mmea chakula cha nitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo mbaazi katika shamba la mahindi hurutubisha udongo.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, mwagilia kitalu kabla ya kung'oa miche. Usiivute kwa nguvu. Chimbua pamoja na udongo wake. Ukikung'uta udongo, unakata vinyweleo, na mche hauwezi kunywa mpaka uote vingine.

Pili, pandikiza jioni, siku hiyo hiyo, na umwagilie mara moja. Usiache mizizi juani.

Tatu, mche wa kahawa uliooteshwa katika mfuko uondolee mfuko bila kuvunja bonge la udongo.

Nne, usiingize mifugo shambani udongo ukiwa umelowa. Udongo ulioshindiliwa huzuia mizizi kupenya.

Chemchemi za Mang'ola hupata maji kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Maji hayo ni mali. Kuyamwagia miche isiyoweza kunywa ni hasara kwako na kwa jirani anayengoja zamu yake mferejini.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini mche hunyauka ingawa udongo una maji?
2. Kijijini kwetu tunang'oaje miche? Tubadili nini?