Kuwafundisha Watoto Kudumu Katika Sala

Katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Mfaranyaki, na katika vijiji vyote vya Songea, mtoto hufundishwa kusali mapema sana. Hajatimiza miaka mitano, naye amekwisha kujua kufumba macho, kukunja mikono na kuisema Baba Yetu bila kukosea. Jambo hilo ni jema. Lakini kujua maneno ya sala ni jambo moja, na kudumu katika kusali ni jambo lingine. Mtoto huomba leo, na kesho akiona kwamba hakupewa, huchoka. Basi leo twataka kueleza namna mzazi awezavyo kumfundisha mtoto asichoke, wala asidanganyike.

Bwana wetu mwenyewe alilifundisha jambo hili kwa mfano. Katika Injili ya Luka, sura ya 18, twasoma habari za mjane aliyedhulumiwa, naye akamwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Kadhi alimkatalia kwa muda. Mjane hakuacha kwenda. Mwisho kadhi akampa haki yake ili asisumbuliwe tena. Watoto hupenda sana hadithi hii, na yafaa waigize wenyewe, mmoja awe kadhi na mwingine mjane. Lakini mzazi aangalie asiishie hapo. Mtoto asipofafanuliwa atadhani kwamba Mungu ni kama kadhi yule, na kwamba dawa yake ni kupigiwa kelele mpaka achoke. Maana ya mfano ni kinyume chake: ikiwa hata mtu mbaya hatimaye husikia, je, Baba mwema hatasikia zaidi? Hatudumu katika sala kwa kuwa Mungu ni mgumu, bali kwa kuwa twamtumaini.

Hapo mtoto mwenye akili atauliza: Kama Mungu ajua haja zetu zote, kuna haja gani ya kumwambia tena na tena? Swali hilo lisikemewe. Tumpeleke shambani. Mkulima wa nchi yetu hupanda mahindi mvua zianzapo, karibu na mwezi wa Novemba au Desemba, naye hangoji kuvuna wiki ijayo. Majirani zetu Wamatengo hupanda mibuni milimani, wakakaa kama miaka mitatu kabla ya kuchuma kahawa ya maana. Katika muda huo mkulima halali usingizi, hupalilia. Tena mtu afukuaye mbegu kila asubuhi kutazama kama imeota, huiua. Ndivyo ilivyo sala. Katika siku za kungoja, moyo wa mwombaji hupaliliwa: hujifunza kutofautisha haja na tamaa, huwakumbuka wengine, na huzoea kuwa pamoja na Baba yake hata asipoona kitu mkononi.

Lakini kuna hatari moja kubwa, nayo ni kumfanya mtoto aione sala kama dawa ya mganga, yaani ukiyasema maneno sawasawa, lazima jambo litendeke. Sisi wa Songea tuna sababu yetu wenyewe ya kulifahamu jambo hili. Mwaka 1905 wapiganaji wengi wa Ungoni waliyapokea maji yaliyoanzia kwa Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Risasi hazikugeuka, na tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa hapa Songea. Hatusemi haya kwa kuwadharau, kwani walikuwa watu hodari walioitetea nchi yao. Tena mwezi wa Agosti mwaka huohuo wa 1905, Askofu Cassian Spiss, aliyeianzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa njiani akitoka pwani pamoja na wenzake wanne, na baadaye misioni yenyewe ikachomwa moto.

Mtoto akiuliza, “Je, Askofu yule hakusali?” tumjibu kwa kweli: alikuwa mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, na kazi ya wamonaki ni kusali saa baada ya saa, kila siku. Sala haikuwa ngao ya kuzuia mkuki. Lakini wamonaki waliobaki hawakuacha kusali kwa sababu hiyo. Walirudi Peramiho, wakajenga upya, na kati ya mwaka 1943 na 1948 likajengwa kanisa kubwa la abasia, ambalo watoto wetu waweza kwenda kulitazama kwa macho yao. Huko ndiko kudumu.

Sasa twaja kwenye neno lililo zito kuliko yote. Mtoto amesali kila jioni ili Bibi yake apone, na Bibi amekufa. Asema, “Baba, tulimwomba Mungu. Mbona hakutusikia?” Wapo wazazi wajibuo, “Hukusali kwa imani.” Jibu hilo ni la ukatili, hata likisemwa kwa upole, maana lamtwika mtoto mdogo mzigo wa kifo. Kristo mwenyewe aliomba bustanini mara tatu kikombe kimwepuke, nacho hakikuondolewa; nani atasema kwamba yeye hakuwa na imani? Heri mzazi amshike mtoto mkono, amwambie, “Mwanangu, Mungu alikusikia. Mimi nami sijui kwa nini hakutupa tulichoomba. Nami nina huzuni kama wewe. Tutaendelea kumwambia, hata huzuni yetu tutamwambia.” Mzazi akilia mbele ya mwanawe na kisha akasali naye, amemfundisha zaidi ya mahubiri kumi.

Wala sala isitumiwe badala ya kazi. Mtoto akishikwa na homa, asipelekwe kanisani huku zahanati ikipitwa. Tusali njiani tukimpeleka kwa mganga wa hospitali, na tusali tena tukimpa dawa kwa saa zake. Mwanafunzi aombaye kufaulu mtihani, afungue na kitabu.

Tuwasimulie pia habari za Mtakatifu Monika, mama wa Kiafrika wa mji wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, aliiacha njia ya mama yake kwa miaka mingi. Mama alisali kwa machozi, akamfuata hata ng’ambo ya bahari, na mwaka 387 Augustino akabatizwa Milano. Mama yake alifariki mwaka uleule. Alingoja muda mrefu, akafurahi muda mfupi. Lakini hakuona kwamba amepoteza kitu.

Mwisho, twatoa mashauri machache kwa matumizi ya nyumbani. Saa ya sala iwe moja, na ijulikane, kama saa ya chakula. Sala ya watoto iwe fupi. Sala ndefu huwafundisha kusinzia tu. Nyumba ichague haja moja, kama jirani mgonjwa au ndugu aliye safarini, nayo itajwe kila jioni kwa majuma kadhaa bila kusahauliwa. Wakipata waliloomba, washukuru kwa siku nyingi vilevile. Zaidi ya yote, baba asiwatume watoto kusali naye akabaki barazani akizungumza. Mtoto hufuata nyayo kabla ya kufuata maneno, na mzazi adumuye katika sala siku ya njaa kama siku ya mavuno, hana haja ya kueleza mengi.