Fahamu: Mhadhara wa umma ni nini, na unaihusu vipi Igalula?

Mhadhara wa umma ni somo la mtaalamu lililo wazi kwa yeyote: hakuna ada wala mtihani, na mwenye swali hunyoosha mkono. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha kitaaluma chenye mihadhara ya aina hiyo, mwaka 2008. Mwaka uliofuata Wole Soyinka wa Nigeria alihutubia hapo.

Igalula, kituo cha reli mashariki ya mji wa Tabora, iko mbali na kumbi za chuo hicho. Lakini mada inayofaa mhadhara kama huo iko hapa: historia ya wapagazi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kuwa Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo ya takriban kilo 30 kati ya bara na pwani walikuwa vibarua huru wa kulipwa ujira, si watumwa. Walidai posho. Waligoma. Msafara ukiwachosha kwa ukorofi, waliutoroka. Hata utani wa Mnyamwezi na Mzaramo unahusishwa na njia hiyo ya misafara.

Kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiingereza. Wajukuu wa wapagazi wanastahili kuyasikia haya katika mhadhara wa Kiswahili au Kinyamwezi, chini ya mwembe, wazee wakiwa na haki ya kumsahihisha profesa.