Mkemia aliyefundisha ADN kupima plombo ndani ya maji

Wanakoperative wanaolima karibu na migodi wanatuuliza swali moja kila kiangazi: maji ya hiki kijito, tunaweza kumwagilia lenga-lenga? Kwa macho hakuna jibu. Maji yenye plombo (ile metali ya batri za gari, vitabu vingi vinaiita risasi) yanaweza kuwa meupe kabisa, bila harufu wala ladha. Ukiyachemsha, maji yanapungua, plombo inabaki. Ili kujua, lazima kutuma chupa kwenye labo yenye mashine kubwa, kulipa, kisha kungoja.

Na swali lenyewe haliko la bure. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mikojo ya watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi ao kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na metali nyingi mwilini: kobalti zaidi, lakini hata plombo na uraniumu.

Ndiyo maana kazi ya mkemia Yi Lu inatuhusu, hata kama yeye si mtu wa shamba. Alisoma Peking University, China, akapata doktora yake Marekani mwaka 1992, na mwaka 1994 akaanza kufundisha University of Illinois. Masomo yake yalikuwa juu ya protini zinazobeba metali.

Mwaka uleule wa 1994, Ronald Breaker na Gerald Joyce wa California walionyesha jambo ambalo wengi hawakulifikiri. ADN (wenzetu wa Tanzania wanaandika DNA) ilijulikana kama ghala ya maagizo ya mwili tu. Kumbe uzi mfupi wa ADN unaweza pia kufanya kazi kama kisu: unakata uzi mwingine, lakini kama plombo iko pale. Plombo ikikosekana, haukati. Lu akaona kwamba kisu cha namna hii ni kipimo. Mwaka 2000, yeye na mwanafunzi wake Jing Li walitoa biosensa ya kwanza ya aina hiyo: plombo ikiingia, uzi unakatika na mwanga unatokea.

Namna ya kupata nyuzi hizo itafurahisha kila mtu anayechagua mbegu. Wanaanza na nyuzi mabilioni na mabilioni, zote tofauti. Wanatia metali wanayotafuta, wanabakiza zile zilizokata, wanazizidisha, wanarudia tena. Kisha wanafanya kinyume: wanatupa zile zinazokata hata kwa metali nyingine. Ni kama kuchagua mihindi msimu kwa msimu, ila hapa msimu mmoja ni siku chache.

Mwaka 2003 akaja na Juewen Liu na jambo la rangi. Walitumia chembe za dhahabu za nanometa 13. Gawanya milimita moja mara milioni, kila kipande ni nanometa moja. Chembe hizo zikishikamana, maji ni ya bluu; zikiachana, yanakuwa mekundu. Nyuzi za ADN ndizo zinazishikamanisha. Plombo ikifika, nyuzi zinakatwa, na rangi inabadilika mbele ya macho yako, bila mashine.

Mwaka 2007 wakapata uzi wa uraniumu, wenye uwezo wa kuona sehemu 11 tu ndani ya trilioni. Kwetu, nchi ya Shinkolobwe, hiyo si habari ya mbali.

Lakini mimi ninayoipenda zaidi ni ya 2011, pamoja na Yu Xiang. Walichukua kile kimashine kidogo ambacho watu wa diabete wanapimia sukari ya damu. Uraniumu ikikata uzi, inafungua enzimu moja, invertase, ile inayopatikana katika chachu. Enzimu hiyo inageuza sukari ya kawaida ya miwa kuwa glukosi, na kimashine kinasoma glukosi. Uraniumu ikizidi, namba inapanda. 

Tusidanganyane: mkulima wa kijijini hataenda kesho sokoni kununua kipimo hiki. Tena kila metali inahitaji uzi wake, na udongo ni mgumu kuliko maji, juu unashika plombo. Lazima kwanza kuitoa ndani.

Kwa sasa, panda mahindi, maharage ao nyanya pale penye shaka, juu mbegu na matunda huchukua plombo kidogo kuliko majani na mizizi. Lenga-lenga na sombe zioshwe kwa maji mengi safi, kwa kuwa vumbi ndilo linaleta sehemu kubwa. Viazi na mihogo, menya vizuri. Udongo mchungu upewe chokaa ya kilimo. Inapunguza plombo inayoingia kwenye mimea.

Na chupa za labo: tumieni chupa mpya ya plastiki, isuuzeni mara tatu kwa maji yaleyale ya kijito, andikeni tarehe na mahali. Kiwango cha OMS kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za plombo kwa litre. Jibu likirudi, linganisheni na namba hiyo, kisha libandikeni kwenye ukuta wa depo ili kila mwanachama asome.