Silent Hunter 5: Kwa nini gemu hili la nyambizi liliwakera hata mashabiki wake?

Pata picha hii. Umenunua gemu kwa hela yako. Unataka kucheza peke yako, huna mpinzani wa mtandaoni. Unaliwasha, linakataa: seva za kampuni hazipatikani.

Ndivyo ilivyowakuta wachezaji wa Silent Hunter 5: Battle of the Atlantic mnamo Machi 2010, siku chache tu baada ya gemu hilo la kompyuta kuingia sokoni.

Ni gemu la aina gani?

Lilitengenezwa na Ubisoft Romania. Unakuwa nahodha wa nyambizi ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Kazi yako ni kuwinda meli za mizigo kwenye bahari ya Atlantiki, huku ukikwepa meli za kivita zinazozilinda.

Hapa hakuna kufyatua ovyo. Unachungulia kwa periskopu, unakadiria meli iko umbali gani, ina kasi gani na inaelekea wapi, ndipo unaachia topido. Ukikosea hesabu, topido inapita pembeni na adui anajua uko wapi. Mashabiki wa magemu haya wanapenda ugumu huo huo.

Walisifia nini?

Muonekano. Wahakiki wengi walikubali kwamba bahari, meli na mwanga vilipendeza. Pia mchezaji aliweza kutembea kwa uhuru ndani ya nyambizi, akapita vyumbani na kuongea na mabaharia wake. Kwa mtu anayetaka kuhisi maisha ya kubanana chini ya maji, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tatizo lilikuwa wapi?

Kwanza, lilitoka likiwa halijaiva. Wachezaji walikutana na hitilafu nyingi, na wahakiki waliandika wazi kwamba lilihitaji muda zaidi kabla ya kuuzwa.

Pili, wakongwe waliona limerahisishwa kupita kiasi. Vipimo na vifaa walivyovizoea kwenye magemu yaliyotangulia vilikuwa vimepunguzwa au kufichwa.

Tatu, lilikuwa na uchaguzi mdogo. Silent Hunter III ya mwaka 2005 ilikupa aina kadhaa za nyambizi. Hili la tano lilikupa familia moja tu, Type VII. Ni kweli Type VII ndiyo Wajerumani waliitengeneza kwa wingi zaidi, zaidi ya 700, lakini mashabiki walitaka kuchagua wenyewe. Kampeni nayo iliishia 1943, wakati vita viliendelea hadi 1945.

Kero kubwa: intaneti muda wote

Ili kuzuia watu kunakili gemu kiharamia, Ubisoft iliweka mfumo unaolazimisha kompyuta kuunganishwa na seva zake kila unapocheza, hata ukiwa peke yako. Intaneti ikikatika, gemu linasimama. Kama umewahi kuishiwa bando katikati ya jambo muhimu, unaijua hasira hiyo.

Kisha Machi 7, 2010, seva zikazidiwa. Ubisoft ilisema zilishambuliwa. Matokeo yake, waliolipa kihalali ndio waliofungiwa nje. Mfumo uliowekwa kuwabana maharamia ukawabana wateja.

Mwaka 2012, Ubisoft ilisema ilikuwa imeachana na sharti hilo kwa magemu yake mapya ya kompyuta.

Nani alilirekebisha?

Kampuni ilitoa masasisho, lakini kazi kubwa ilifanywa na wachezaji wenyewe kupitia modi, yaani nyongeza ambazo mashabiki hutengeneza na kugawana bure. Walirudisha vipimo, wakaongeza meli na kusahihisha makosa. Modi inayotajwa sana ni The Wolves of Steel, na wapo wanaosema bila hiyo gemu hili halichezeki.

Hapo ndipo penye somo. Makosa ya utengenezaji yalirekebishika, kwa sababu mashabiki waliweza kufungua mafaili na kuyashughulikia. Lakini kwenye seva hawakuwa na la kufanya. Ufunguo ulikuwa kwa kampuni. Mwaka 2022, Silent Hunter 5 ilikuwa kwenye orodha ya magemu ya zamani ambayo Ubisoft ilitangaza kuyazimia huduma za mtandaoni.

Hadi sasa hakuna Silent Hunter 6. Wapenzi wa nyambizi wamehamia kwa wengine, likiwemo gemu la UBOAT, ambalo toleo lake kamili lilitoka 2024.

Kwa hiyo kabla hujalipia gemu lolote, hata la simu, soma masharti yake kwanza. Je, litafunguka ukizima data? Kama jibu ni hapana, jua kwamba siku seva ikizimwa, na wewe umezimiwa.