Uganda: Kumbukumbu ya Krismasi kwa ufutio wa penseli na gome la mti

Krismasi inapokaribia, wakazi wengi wa Kampala husafiri kwenda vijijini kuungana na jamaa zao. Msafiri hutarajiwa kufika na zawadi, na mzigo huo huwalemea zaidi wenye kipato kidogo. Kwao, ipo kumbukumbu isiyohitaji fedha nyingi: pambo dogo la kutundika, lililopigwa muhuri wa mpira juu ya kipande cha nguo ya gome la mti.

Nguo hiyo, iitwayo lubugo kwa Kiganda, hutokana na mti wa mutuba. Fundi hubandua gome wakati wa mvua, kisha huliponda kwa nyundo za mbao hadi lilainike, litanuke na kupata rangi ya udongo mwekundu. Shina hufungwa majani ya mgomba lisikauke, na mti huota gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu. Kwa mapambo, vipande vinavyobaki baada ya kushona mikoba na kofia vinatosha.

Muhuri nao si lazima uagizwe kwa fundi. Ufutio wa kawaida unafaa. Nyota, ngoma au mshumaa huchorwa kwenye karatasi kwa penseli iliyokolezwa. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya ufutio na kusuguliwa kwa ukucha, na mchoro huhamia kwenye mpira ukiwa umepinduka. Anayeiruka hatua hiyo na kuchonga tarakimu za mwaka kama zinavyosomeka, atazichapa kinyume.

Wembe na ushikwe na mtu mzima. Sehemu zisizotakiwa kuonekana huondolewa kwa kina cha milimita 2 hivi. Kwa kuwa lubugo ina nyuzi na mikunjo, mistari myembamba hupotea. Mchoro mnene ndio unaofaa.

Rangi ya nguo ni bora kuliko wino wa ofisini, ambao huweza kuchujuka ukipata maji. Rangi hupakwa kidogo kwa sifongo, kwani ikizidi huziba michongo. Baada ya kujaribu muhuri juu ya gazeti, watoto wanaweza kuchapa wenyewe. Rangi ikikauka, duara hukatwa kwa kufuata mdomo wa bilauri, hugandishwa juu ya boksi gumu, hutobolewa na kutiwa uzi. Nyuma huandikwa jina la mtoto na mwaka.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, mchoro usifanane na muhuri wa ofisi, shule au benki, kwani kughushi mihuri ni kosa la jinai. Pili, miongoni mwa Waganda lubugo huvaliwa katika kutawazwa kwa wafalme na pia hutumika kuzikia. Leo hutengenezewa bidhaa nyingi, lakini si kila mzee atapenda kuiona ikining'inia nyumbani kama pambo. Ni heshima kumwuliza kwanza. Asiporidhia, karatasi ngumu itafaa.

Ufutio mmoja huweza kuchapa mapambo kadhaa, hivyo kila nyumba kijijini ikapata lake. Mwaka unaofuata nyota haichongwi tena; hubadilishwa tarakimu tu, na bibi huongezewa pambo jingine lenye jina la mjukuu yuleyule.