Maji ya Mferejini Yamepita Wapi?



Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliletwa wodini kwetu mara tatu katika muda wa miezi miwili, kila mara kwa kuhara. Mara ya tatu macho yalikuwa yamedidimia, na ngozi ya tumbo tulipoivuta ilichelewa kurudi. Tulimtundikia dripu akapata nafuu. Kabla ya kumruhusu tukamwuliza mama yake habari za choo, za kunawa mikono na za maji. Mama alikereka kidogo.

"Sista, sisi hatunywi maji ya kisima. Tunakunywa ya mferejini."

"Ya mferejini, sawa mama. Lakini mpaka kufika hapo yamepita wapi?"

Hakuwa na jibu, nasi hatukumlaumu. Nyumba yao ni ya urithi, ya ghorofa mbili, humo Mji Mkongwe, na mabomba yamo tangu enzi za babu. Alitueleza, kama jambo dogo tu, kwamba asubuhi maji hutoka mekundu, na kwamba chai ya rangi ikikaa kidogo huwa nyeusi kama wino. Hapo tukaacha kuuliza habari za mikono.

Chai hugeuka nyeusi kwa sababu chuma cha bomba lenye kutu hukutana na ukali wa majani ya chai. Kwa kiasi hicho, chuma chenyewe si sumu kwa mtoto. Tunachokiogopa ni ile habari kinayotuletea: bomba linaliwa, na bomba linaloliwa mwishowe hutoboka.

Wengi hudhani tundu la bomba hutoa maji tu, haliingizi kitu. Ni kweli maadamu maji yanakuja kwa nguvu. Lakini mitaa mingi ya Unguja imezoea maji ya zamu. Maji yakikatika, yale yaliyobaki bombani huteremka kwenda mabondeni, na bomba huanza kuvuta kama mtoto anavyovuta dafu kwa mrija. Huvuta kile kilichopo nje ya tundu. Katika Mji Mkongwe nyumba zimebanana, na makaro na mashimo ya vyoo yamo chini ya nyua na vichochoro vilevile vilivyopitishwa mabomba. Mtu akifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kama wafanyavyo baadhi yetu, uvutaji huo huzidi, na uchafu unaweza kuingia kwa jirani asiye na pampu.

Mji huu unaijua hatari hiyo tangu zamani. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno hapa, na daktari James Christie, aliyekuwapo, alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi za kaskazini, upande wa Bububu, ili watu waachane na visima vya mjini. Hata hivyo kipindupindu kilirudi Unguja mara nyingi, ikiwemo mwaka 2015 na 2016. Chemchemi safi haitoshi ikiwa njia ya maji imetoboka.

Sasa, kubadilisha mabomba ya nyumba nzima ni gharama, na nyumba ya urithi ina wenyewe wengi. Kama fedha ni za kipande kimoja tu, sisi tungeanza na kile kilichozikwa ardhini, kutoka mtaani mpaka kwenye tangi. Watu wengi huanza na bafu la juu kwa sababu ndilo wanaloliona. Bomba jipya lisirudi katika handaki la zamani. Lipite mbali na karo na choo, na likilazimika kukaribiana na bomba la maji machafu, la maji safi liwe juu. Bomba la zamani likatwe na kuzibwa kule linakoungia, lisiachwe likining'inia upande mmoja na maji yamelala ndani yake. Kazi ya kuunganisha kwenye bomba la mtaa ni ya Mamlaka ya Maji, ZAWA. Pampu ivute kutoka kwenye tangi, kamwe isivute kutoka mtaani.

Ndani ya nyumba, mwombeni fundi apitishe mabomba juu ya ukuta, hata kama hayapendezi. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Bomba likivuja ndani ya ukuta huo, chokaa hulainika na vichwa vya boriti huoza, nanyi hamjui mpaka dari lilegee. Likiwa nje, tone la kwanza linaonekana. Kabla ya kutoboa ukuta wa Mji Mkongwe, ulizeni kwanza Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe.

Fundi akikuta kipande cha bomba laini, la kijivu, lisiloshikwa na sumaku, ambalo likikwaruzwa kwa kisu hung'aa kama fedha, hiyo ni risasi. Liondolewe lote. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi kukolea.

Kazi ikiisha, msinywe siku hiyo. Katika tangi la lita 1,000 tieni lita 1 ya dawa ya klorini ya majimaji, yenye nguvu ya asilimia 5, isiyotiwa manukato. Fungueni kila mfereji mpaka harufu isikike, fungeni, mwache saa 24, kisha mwage yote na kusuuza mpaka harufu iishe.

Na wasio na fedha bado? Maji yakirudi baada ya kukatika, ya kwanza yaacheni yatoke mpaka yang'ae. Hayo ni ya kudekia. Ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote vizuri, myahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Mtoto akihara mpeni maji ya ORS tangu choo cha kwanza, mwendelee kumnyonyesha, na kituoni ombeni vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14.

Ndugu wa nyumba ile walichangishana, kwa maneno mengi kama ilivyo kawaida ya urithi. Fundi alipochimba uani alikuta bomba limepita hatua moja tu kutoka kwenye karo, na tundu lake limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Aliyelifunga ni mjomba wa nyumba mwenyewe, miaka mingi nyuma, akaona kazi imekwisha.

Mama alimleta mtoto kliniki kupimwa uzito miezi mitatu baadaye. Alikuwa ameongezeka. Chai, alituambia, sasa ni nyekundu. Maji bado anachemsha, nasi hatukumkataza.