Mkongwe wa Kagera na Mita ya LUKU

Anayenunua umeme Kirumba, hapa Mwanza, siku hizi hana nafasi ya kusahau kodi ya majengo. Fedha inatoka kwenye simu, tokeni inaingia, na kodi imeshakatwa humo humo: shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Viwango hivyo ni vya Julai 2023. Tangu Agosti 2021, ukusanyaji ulipohamishiwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, vilikuwa 1,000 na 5,000.

Kwa mkusanyaji, mpango umefaulu. Kodi hii ilikuwa mikononi mwa halmashauri, mwaka 2016 ikapewa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na kila aliyeishika alisumbuliwa na jambo moja: nyumba ni nyingi, nyingine zimejengwa juu ya mawe ya vilima ambako hakuna mtaa wenye jina wala kiwanja kilichopimwa. Mita ilimaliza usumbufu huo. Hakuna tena mtendaji wa kupanda kilima kugonga mlango.

Lakini ndani ya mpango huo huo umo msamaha, na msamaha haukupata njia ya mkato kama kodi ilivyoipata. Mzee wa miaka 60 na zaidi, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, wanasamehewa kodi ya nyumba moja wanayoishi. Askari mstaafu hatajwi kwa uaskari wake. Kwingine hutajwa. Jimbo la Texas nchini Marekani, kwa mfano, tangu 2009 linamfutia kodi yote ya nyumba ya makazi mkongwe wa vita aliyetambuliwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Je, na sisi tuwatungie wapiganaji wetu kifungu chao?

Mwanza ina haki ya kuuliza. Vita vya Kagera, dhidi ya Uganda ya Idi Amin, havikuwa habari za redioni tu huku. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliruka hadi hapa kuushambulia mji. Roketi zake zikaangukia Saanane, kisiwa kilicho karibu kabisa na mji, zikaua swala. Vijana wa kanda hii walikuwa wameshakwenda mstari wa mbele baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza vita Novemba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Sasa tupige hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 18 vita vilipotangazwa alitimiza 60 kufikia mwaka 2020, kabla mita haijaanza kukata kodi. Maana yake, karibu kila mpiganaji wa Kagera aliye hai leo anaingia kwenye msamaha wa wazee, iwapo nyumba anayoishi ni yake.

Tena umri unamfaa kuliko kitambulisho cha jeshi. Katika vita vile jeshi lilikua kwa wiki chache kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na humo walikuwemo mgambo wapatao 40,000, polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Baada ya ushindi wengi walirudi kwenye majembe na mitumbwi yao. Mgambo hakurudi na pensheni. Tukiweka kifungu cha wanajeshi wastaafu peke yao, atakayebaki nje ni huyu ambaye hana karatasi wala namba ya jeshi. Mwaka wa kuzaliwa haumbagui.

Kwa hiyo tatizo la mkongwe wa Kirumba si kukosa sheria. Tatizo ni kwamba kodi inamfuata nyumbani, na msamaha anatakiwa aufuate yeye. Aombe, athibitishe umri, athibitishe kuwa nyumba ni yake na ndimo anamoishi. Hapo ndipo utekelezaji unapokwama. Nyumba nyingi za vilimani hazina hati. Mita huenda imesajiliwa kwa jina la baba aliyekwishafariki, au la mtoto aliyelipia kuunganishiwa umeme. Nyumba yenye mita mbili inahitaji maelezo mengine. Mjane wa mpiganaji anaulizwa kwanza habari za mirathi. Na mara nyingi anayenunua umeme ni mjukuu au mpangaji. Mzee haoni hata ule ujumbe unaoonyesha makato.

Wapo watakaosema shilingi 18,000 kwa mwaka si fedha ya kumhangaisha mtu. Ndiyo sababu hasa msamaha unalala. Nauli ya daladala, nakala za vitambulisho na siku nzima ya kusubiri vinaweza kumfanya mzee aone heri alipe yaishe. Msamaha ambao gharama ya kuupata inakaribia thamani yake unabaki wa kwenye sheria tu.

Kundi moja tu linahitaji sheria mpya kweli: askari waliostaafu kabla ya kufika 60, wakiwemo waliotumwa kisiwa cha Anjouan, Komoro, mwaka 2008 au mashariki ya Kongo kuanzia 2013. Hawa umri hauwafikii, na kifungu cha ulemavu kinamfaa yule tu ambaye hana kipato. Mjadala wa kuwapa nafuu yao una msingi, ila usitumike kuahirisha kazi ambayo haihitaji Bunge.

Kazi hiyo ni nyepesi kuliko ile ya 2021. Serikali iliyoweza kuifunga kodi kwenye mita za nchi nzima ina tarehe za kuzaliwa kwenye vitambulisho vya NIDA. Mwenyekiti wa mtaa anajua nani mwenye nyumba na nani amepanga, hata pasipo na hati. Orodha ya wazee ikiandaliwa na mtaa, ikabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme, kisha ikapelekwa kwa wakusanyaji kwa mkupuo, makato yatakoma bila mzee kutoka nyumbani. Mpango huu ulisifiwa kwa sababu uliondoa usumbufu wa kulipa. Uondoe na usumbufu wa kutolipa, kwa wale ambao sheria imeshasema hawadaiwi.